Joto Linavyosafiri Ndani ya Tanuri la Tabaka Tuli: Mfano wa Jasi ya Makanya

Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa uweze:
(a) kutofautisha joto na jotoridi ndani ya tanuri;
(b) kueleza njia tatu ambazo joto hupita katika rundo la mabonge au chembechembe;
(c) kukokotoa joto linalohitajika kubadilisha jasi kuwa plasta ya Paris;
(d) kutumia modeli rahisi kukadiria muda wa kupasha, na kueleza mipaka ya modeli hiyo.

1. Tatizo lenyewe

Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo, kundi moja la wanafunzi wangu lilipasha gramu 5.0 za fuwele za buluu za salfeti ya shaba ndani ya neli ya majaribio. Kazi ilikuwa kutafuta asilimia ya maji yaliyomo katika fuwele. Kwa kanuni CuSO₄·5H₂O, tungamo la moli moja ni gramu 249.5, na maji ndani yake ni gramu 90. Kwa hiyo jibu linalotegemewa ni 90 ÷ 249.5 × 100, yaani asilimia 36. Wao walibaki na gramu 3.7 kwenye neli, wakapata asilimia 26.

Walilaumu mizani. Nikawaambia wasubiri neli ipoe, kisha wamwage kilichomo juu ya kigae cheupe. Unga uliokuwa umegusa kioo ulikuwa mweupe. Katikati kulikuwa na kiini ambacho bado kilikuwa cha buluu. Mizani haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa moja tu: joto halijafika katikati, nao walikwisha zima moto.

Neli ile ilikuwa tanuri dogo la tabaka tuli. Tanuri la tabaka tuli ni chombo kilichojazwa chembechembe au mabonge yasiyokorogwa wala kusogezwa, huku mmenyuko ukiendelea ndani yake. Katika matanuri ya namna hii, swali la kwanza la mhandisi ni lile lile lililowashinda wanafunzi wangu: je, joto limefika kote, na limechukua muda gani kufika?

2. Jasi ya Makanya

Tutoke maabara twende kwenye mfano mkubwa zaidi. Ukisafiri kutoka Same mjini kuelekea Korogwe, Milima ya Pare huwa kushoto kwako, na kulia ni tambarare kavu. Katika tambarare hiyo kuna Makanya, mahali panapochimbwa jasi. Jasi ni salfeti ya kalsiamu iliyoshika maji, CaSO₄·2H₂O. Viwanda vya saruji huihitaji, kwa sababu kiasi kidogo cha jasi kikisagwa pamoja na saruji huichelewesha kuganda, na fundi hupata muda wa kufanya kazi.

Jasi ina matumizi mengine ambayo huhitaji ipashwe kwanza. Ikipata joto la kutosha, hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa plasta ya Paris:

CaSO₄·2H₂O → CaSO₄·½H₂O + 1½H₂O

Plasta ya Paris ikichanganywa na maji hurudi kuwa jasi na kukakamaa. Ndiyo maana hutumika kufunga hogo la mgonjwa aliyevunjika mguu, kutengeneza chaki na kupamba dari.

Mmenyuko huu hunyonya joto. Moli moja ya jasi huhitaji takriban kJ 85 ili maji hayo yatoke yakiwa mvuke. Kwa kuwa moli moja ni gramu 172, kilo moja ya jasi huhitaji:

85 ÷ 0.172 = kJ 494

Tena, kabla ya kuanza kuachia maji, jasi lazima ipande jotoridi. Joto mahususi la jasi ni karibu kJ 1.1 kwa kilo kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Tukichukua kuwa mmenyuko hufanyika kwenye nyuzi 130, na jasi ilianza ikiwa na nyuzi 25, basi:

1.1 × (130 − 25) = kJ 115.5

Jumla ni kJ 609.5, tuseme kJ 610 kwa kilo. Chunguza jumla hiyo. Kati ya kJ 610, karibu kJ 494 zimekwenda kwenye mmenyuko, yaani asilimia 81. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyoongeza jotoridi. Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Wakiona kipimajoto kimesimama karibu na nyuzi zile zile kwa muda mrefu, huandika kwamba joto limekoma kuingia. Sivyo. Joto linaendelea kuingia, ila linatumika kuyaondoa maji kutoka kwenye jasi. Joto ni nishati inayosafiri. Jotoridi ni kipimo cha kiwango cha umoto mahali fulani. Kimoja kinaweza kuingia bila kingine kupanda.

3. Njia tatu za joto ndani ya rundo

Chukua sinia la chuma lenye mabonge madogo ya jasi, moto uko chini. Joto litapita vipi kutoka kwenye chuma hadi bonge la juu?

Njia ya kwanza ni mpitisho. Joto hupita kutoka chembe hadi chembe zinazogusana. Jiwe la jasi lenyewe hupitisha joto kwa wastani, kiasi cha W 1.3 kwa mita kwa kila nyuzi. Lakini mabonge hayagusani kote. Hugusana kwenye ncha chache, na nafasi iliyobaki imejaa hewa au mvuke. Hewa iliyotulia ni kihami kizuri: upitishaji wake ni karibu W 0.03 tu. Kwa hiyo rundo la mabonge hupitisha joto vibaya kuliko jiwe zima, lakini vizuri kuliko hewa tupu. Katika hesabu zetu tutachukua W 0.3 kwa mita kwa nyuzi kwa rundo zima.

Njia ya pili ni myuko. Hapa joto hubebwa na kimiminika au gesi inayosogea. Kama gesi ya moto inapulizwa kupita katikati ya mabonge, hubeba joto hadi ndani kabisa bila kungoja mpitisho wa polepole. Kama gesi imetulia, njia hii husaidia kidogo tu.

Njia ya tatu ni mnunurisho. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi ya nishati ambayo huruka hata pasipo na hewa. Nguvu ya mnunurisho hufuata jotoridi la Kelvini likipandishwa kipeo cha nne. Kitu kikitoka Kelvini 400 hadi 800, jotoridi limeongezeka mara mbili lakini mnunurisho umeongezeka mara 16. Ndiyo maana katika kupasha jasi, ambako jotoridi ni la chini, mpitisho una uzito zaidi. Na katika tanuri la matofali au la chuma, mnunurisho hauwezi kuachwa nje ya hesabu.

4. Kujenga modeli

Modeli ni picha ya kihesabu ya kitu halisi iliyorahisishwa kwa makusudi. Lengo ni kubakiza mambo machache yanayotawala matokeo. Kwa sinia letu tunakubaliana mambo haya:

(i) Chuma cha chini kiko kwenye nyuzi 180 muda wote.
(ii) Mmenyuko hufanyika katika mpaka mwembamba wenye nyuzi 130. Chini ya mpaka kuna plasta iliyokamilika, juu yake kuna jasi ambayo bado.
(iii) Mpaka huo hupanda polepole kutoka chini kwenda juu. Joto lote linaloufikia hutumika kuipasha jasi inayofuata na kuiondolea maji.
(iv) Mvuke hutoka bila kizuizi na hauchukui joto jingine.
(v) Joto husafiri wima tu, kutoka chini kwenda juu.

Kasi ya joto kupita katika tabaka hutolewa na mlinganyo huu:

Kasi ya joto = k × A × (T₁ − T₂) ÷ x

ambapo k ni upitishaji wa rundo, A ni eneo, T₁ − T₂ ni tofauti ya jotoridi, na x ni umbali ambao joto limesafiri. Mwanzoni x ni ndogo na joto hupita haraka. Mpaka ukipanda, x hukua na joto hupungua kasi. Kwa kurahisisha tutatumia umbali wa wastani, yaani nusu ya unene wa tabaka.

Mfano wa 1. Sinia lina eneo la mita 1 ya mraba na tabaka la jasi lenye unene wa sentimita 2. Densiti ya rundo ni kilo 1,300 kwa mita ya ujazo. Itachukua muda gani jasi yote kuwa plasta?

Tungamo = 1,300 × 1 × 0.02 = kilo 26
Joto linalohitajika = 26 × 610 = kJ 15,860
Umbali wa wastani = m 0.01
Kasi ya joto = 0.3 × 1 × (180 − 130) ÷ 0.01 = W 1,500 = kJ 1.5 kwa sekunde
Muda = 15,860 ÷ 1.5 = sekunde 10,573, karibu saa 3.

Mfano wa 2. Mtu mmoja anataka kuokoa muda, anajaza sentimita 4 kwa mara moja. Je, atasubiri saa 6?

Tungamo = kilo 52
Joto linalohitajika = 52 × 610 = kJ 31,720
Umbali wa wastani = m 0.02
Kasi ya joto = 0.3 × 1 × 50 ÷ 0.02 = W 750 = kJ 0.75 kwa sekunde
Muda = 31,720 ÷ 0.75 = sekunde 42,293, karibu saa 12.

Hatasubiri saa 6. Atasubiri saa 12. Unene umeongezeka mara mbili, muda umeongezeka mara nne. Sababu ni mbili, na mtahini atataka zote mbili: joto linalohitajika limekuwa maradufu, na wakati huo huo njia ya joto imekuwa ndefu maradufu, hivyo kasi yake imepungua kwa nusu. Muda hufuata mraba wa unene. Kama hukumbuki kitu kingine katika sehemu hii, kumbuka hicho.

5. Modeli inatufundisha nini

Wa kwanza kulipia kosa la mtu wa Mfano wa 2 ni kuni. Tuseme tanuri lake hupoteza kJ 1 kila sekunde kupitia kuta. Katika Mfano wa 1 hupoteza kJ 10,573 kwa kilo 26, yaani kJ 407 kwa kila kilo ya jasi. Katika Mfano wa 2 hupoteza kJ 42,293 kwa kilo 52, yaani kJ 813 kwa kilo. Amejaza mara mbili, na kila kilo imepoteza nishati mara mbili zaidi. Kwa sisi tunaoishi chini ya misitu ya Pare, ambayo ndiyo chimbuko la vijito vinavyotufikia huku bondeni, tofauti hiyo haibaki kwenye karatasi. Ni miti.

Je, si rahisi kuongeza moto tu? Modeli inajibu. Ukipandisha chuma kutoka nyuzi 180 hadi 230, tofauti ya jotoridi inakuwa 100 badala ya 50, na muda unapungua kwa nusu. Ukipunguza unene kwa nusu, muda unapungua hadi robo. Zaidi ya hapo, jasi iliyogusa chuma cha moto sana hupoteza maji yote, na ikizidi kuungua haigandi tena vizuri ikitiwa maji. Utakuwa na sinia moja lenye plasta iliyoungua chini na jasi mbichi juu. Kasoro zote mbili zimetoka kwenye sababu moja: joto limelazimishwa kupita njia ndefu.

Basi yapo masuluhisho matatu bora kuliko kuongeza moto:

La kwanza ni kufupisha njia: tabaka jembamba, au kupasha kutoka pande mbili. Sentimita 4 zikipashwa juu na chini, kila upande unashughulikia sentimita 2, na saa 12 zinarudi kuwa 3.

La pili ni kukoroga. Viwandani jasi husagwa na kupashwa ndani ya chungu kikubwa chenye mikono ya kukorogea, au ndani ya pipa refu linalozunguka. Hapo tabaka si tuli tena, na kila chembe hupata zamu yake karibu na moto.

La tatu ni kupitisha gesi ya moto katikati ya mabonge, yaani kutumia myuko. Suluhisho hili lina historia hapa hapa kwetu. Ugweno, katika Pare Kaskazini, ilijulikana tangu kale kwa ufuaji wa chuma, kazi iliyohusishwa na ukoo wa Washana. Katika uyeyushaji wa kale wa chuma, makaa na madini ya chuma hupangwa ndani ya tanuri, na hewa hupulizwa kwa mivukuto. Hilo nalo ni tabaka tuli. Lakini hapa joto halisubiri kupenya kutoka ukutani. Makaa huungua ndani ya rundo lenyewe, na gesi za moto hupanda kati ya mabonge zikibeba joto pamoja na kaboni monoksaidi inayoondoa oksijeni kwenye madini. Mfua chuma hakuandika mlinganyo wowote, lakini mivukuto yake ilikuwa jibu la tatizo letu.

Viwanda vya leo hukutana na tatizo hilo hilo. Haidrojeni ya kutengenezea amonia hupatikana kwa wingi kwa kupitisha methani na mvuke wa maji juu ya kichocheo cha nikeli, kwenye jotoridi linalozidi nyuzi 800. Mmenyuko huu hunyonya joto jingi. Kichocheo hakimiminwi ndani ya tangi moja pana. Hujazwa ndani ya mamia ya mirija mirefu yenye upana wa karibu sentimita 10 tu, na moto huwaka nje ya mirija hiyo. Sasa unaweza kueleza kwa nini: tangi pana lingekuwa na kiini baridi, kama neli ya wanafunzi wangu.

Angalizo: usichanganye na mchakato wa Haber wenyewe. Kuungana kwa naitrojeni na haidrojeni, kwenye nyuzi karibu 450 na kichocheo cha chuma, hutoa joto. Huko kazi ni kuliondoa joto lililozidi, si kuliingiza.

6. Mipaka ya modeli

Mtahiniwa mzuri hutaja udhaifu wa modeli yake. Yetu imepuuza joto linalobebwa na mvuke unaopanda, imechukulia k kuwa ile ile kote, na imesahau kuwa bonge kubwa lenyewe lina kiini kinachochelewa. Kwa hiyo saa 3 ni makadirio, si ahadi. Njia ya kuthibitisha ni kipimo: pasha, poza, pima tungamo, pasha tena, hadi tungamo lisibadilike. Kilo 26 za jasi zikibadilika zote zitapoteza maji 27 ÷ 172 × 26, yaani kilo 4.1, na kubaki kilo 21.9. Mizani ikisoma zaidi ya hapo, katikati bado.

7. Makosa yanayojirudia

• Kuandika "joto la tanuri ni nyuzi 180". Hilo ni jotoridi, tena la ukutani tu.
• Kusema kipimajoto kikisimama, joto limekoma kuingia.
• Kusahau kugeuza sentimita kuwa mita kabla ya kukokotoa.
• Kupima tungamo mara moja tu na kutoa hitimisho.

8. Jipime

1. Tabaka la jasi lina unene wa sentimita 1 kwenye sinia la mita 1 ya mraba. Kwa takwimu za Mfano wa 1, kokotoa muda wa kupasha.
2. Gramu 5.0 za salfeti ya shaba zilipashwa mara nne. Tungamo baada ya kila mara lilikuwa gramu 3.7, 3.4, 3.2 na 3.2. Kokotoa asilimia ya maji, na ueleze kwa nini kipimo cha kwanza hakifai.
3. Eleza kwa nini mirija ya kichocheo katika mmenyuko wa methani na mvuke hufanywa myembamba.

Majibu

1. Tungamo ni kilo 13. Joto ni kJ 7,930. Umbali wa wastani ni m 0.005; kasi ni kJ 3 kwa sekunde; muda ni sekunde 2,643, yaani dakika 44. Hakiki: unene ni nusu ya Mfano wa 1, muda ni robo ya saa 3.
2. (5.0 − 3.2) ÷ 5.0 × 100 = asilimia 36. Kipimo cha kwanza kilichukuliwa kabla joto halijafika kwenye fuwele zote, hivyo sehemu ya maji ilikuwa haijatoka.
3. Mmenyuko hunyonya joto na joto huingia kupitia ukuta wa mrija. Mrija mwembamba hufupisha njia ya joto hadi katikati, hivyo kichocheo chote hukaribia jotoridi linalotakiwa.

Wanafunzi wale walirudia jaribio siku iliyofuata. Safari hii walitandaza fuwele kwenye bakuli pana la kauri, wakapasha moto mdogo na kupima mpaka namba zikaacha kubadilika. Walipata asilimia 36. Nawe ukiwa kwenye chumba cha mtihani wa vitendo, kabla ya kuzima moto, jiulize swali moja: joto limefika katikati?